Mgodi Wetu wa Wazi Unaingia Chini ya Ardhi: Je, Dhahabu Imekwisha, na Mimi Nishuke?

*"Mhandisi, salaam. Kwa miaka mingi nimeendesha lori la kubeba mwamba katika mgodi mkubwa wa dhahabu wa wazi. Uongozi umetutangazia kwamba shimo kuu litafika mwisho wake katika miaka miwili ijayo na kwamba uchimbaji utaendelea chini ya ardhi, kupitia handaki ambalo mlango wake umeanza kuchongwa kwenye ukuta wa shimo hilo hilo tunalofanyia kazi. Baadhi ya wenzangu wanasema hiyo ni dalili kwamba dhahabu imekwisha na kampuni inakusanya masalia kabla ya kuondoka. Wengine wanasema dhahabu nyingi iko chini na kwamba tumefichwa siku zote. Mimi nimepewa nafasi ya kujifunza kuendesha mitambo ya chini, lakini mke wangu hataki hata kulisikia jambo hilo, kwani anaamini kwamba kushuka huko ni kujizika ukiwa hai. Zaidi ya hayo, nyumba yetu iko karibu na uzio wa mgodi na tunaogopa ardhi kudidimia. Naomba unieleze ukweli: kwa nini wanahamia chini, hatari ni zipi hasa, na je, nikubali?"*

Ndugu yangu, umeuliza maswali matatu kwa pamoja, na nitayajibu yote, ingawa sitayapa uzito sawa. Swali la dhahabu kwisha lina jibu fupi kuliko wengi wanavyodhani. Lile la nyumba linategemea jambo moja ambalo unaweza kuliulizia na ukapewa jibu la wazi. Lakini kuna jambo ambalo hukuliuliza moja kwa moja, nalo ndilo ningelitazama kwanza kama ningekuwa katika nafasi yako: kile kipindi ambacho shimo la wazi na handaki vitafanya kazi kwa wakati mmoja, kimoja juu ya kingine, na mwamba utakaoachwa kati yao. Mgodi wa wazi una hatari zake na wa chini una zake, na zote zinafahamika. Pale viwili vinapokutana ndipo panapohitaji macho zaidi.

Tuanze na uvumi. Mwisho wa shimo la wazi hauamuliwi na mwisho wa dhahabu. Unaamuliwa na uzito wa mwamba usio na dhahabu ambao ni lazima uondolewe ili kuifikia iliyo na dhahabu. Mtu akichimba kwenye mchanga mkavu hujionea mwenyewe kwamba hawezi kwenda chini bila kupanua juu, kwa sababu kingo humporomokea. Mwamba ni mgumu kuliko mchanga, lakini kanuni ni ile ile, na ndiyo maana kuta za shimo lenu zimelazwa kwa ngazi badala ya kusimama wima. Kila mnapoongeza kina, mnalazimika kurudisha nyuma ukuta mzima kuanzia ukingoni.

Chukua hesabu rahisi. Tuseme shimo ni la duara, sakafu yake ina upana wa mita 100, kuta zimelala kwa nyuzi 45 na kina ni mita 300. Ili kulifikisha hapo, mtakuwa mmeondoa mita za ujazo zipatazo milioni 45. Sasa mnataka kwenda mita 100 zaidi huku sakafu ikibaki na upana ule ule. Jumla itapanda hadi mita za ujazo milioni 95 hivi, yaani mita hizo 100 za mwisho zimedai kazi kubwa kuliko mita 300 za mwanzo. Na kama mbale, yaani mwamba wenye dhahabu ya kutosha kulipia uchenjuaji wake (kazi ya kuitenga dhahabu na jiwe), imesimama katikati kama nguzo yenye upana wa sakafu hiyo, basi kwa jasho lote hilo mtakuwa mmepata mita za ujazo zisizofika milioni moja za mbale. Miamba halisi yenye dhahabu huwa mirefu na imelala kwa mshazari, kwa hiyo uwiano hauwi mkali kiasi hicho, lakini mwelekeo haubadiliki: kadiri mnavyoshuka ndivyo lori lako linavyobeba mawe ya kutupa safari nyingi zaidi kwa kila safari moja ya mbale. Wewe mwenyewe, kwa kukumbuka ni mara ngapi kwa zamu unaelekezwa kwenye lundo la mawe taka na mara ngapi kwenye kinu, unaweza kusimulia historia hiyo vizuri kuliko ripoti yoyote.

Uchimbaji wa chini hufuata njia ya pili. Unaacha mwamba taka mahali pake, unachonga njia nyembamba hadi kwenye mbale, na unaitoa hiyo peke yake, au karibu peke yake. Gharama ya kila tani inayotolewa huwa kubwa mara kadhaa, kwa sababu kila mita ya handaki inataka kulipuliwa, kushikiliwa, kupelekewa hewa na kuondolewa maji. Kwa hiyo mbale ya chini ni lazima iwe na dhahabu nyingi zaidi kwa kila tani. Mgodi wa wazi unaweza kujilipia kwa gramu moja kwa tani, wakati mwingine hata chini ya hapo. Mgodi wa chini kwa kawaida hutaka gramu 3 au zaidi, ingawa baadhi ya migodi mikubwa yenye mwamba mpana hufanya kazi kwa pungufu. Gramu 3 za dhahabu zina ukubwa wa chini ya moja ya tano ya sentimita moja ya ujazo, ndani ya tani nzima ya jiwe. Kuna kina fulani ambapo gharama ya kuendelea kupanua shimo inalingana na gharama ya kushuka kwa handaki, na kutoka hapo kwenda chini, handaki ndilo lenye nafuu. Mgodi wenu umefika hapo, au unakaribia.

Wale wanaodai kwamba mmefichwa nao wana chembe ya ukweli, ila wanaitafsiri vibaya. Wanajiolojia huchoronga mashimo membamba yanayoshuka mamia ya mita chini ya sakafu ya shimo miaka mingi kabla handaki halijaanza, kwa hiyo ni kweli kwamba kulikuwa na watu waliojua kuna dhahabu huko. Lakini kujua kwamba ipo ni jambo moja, na kuwa na uhakika kwamba inalipa ni jingine. Tena kama kampuni yenu imeorodheshwa kwenye soko la hisa, hulazimika kutangaza akiba yake ya madini hadharani, na kwa kawaida hutenganisha ya shimo la wazi na ya chini ya ardhi. Itafuteni taarifa hiyo. Hapo ndipo mtakapoona kama mpango ni wa miaka mitatu au kumi na tano, na takwimu hiyo ina maana kubwa kwa maisha yako kuliko maneno yanayozunguka kantini.

Wala mgodi wenu si wa kwanza. Nchini Tanzania, mgodi wa Geita, uliotoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2000 ukiwa wa wazi, ulianza kushuka chini ya ardhi mwaka 2016 katika eneo la Star and Comet, kisha Nyankanga na Geita Hill zikafuata. North Mara nao ulianza kuchimba chini ya shimo la Gokona mwaka 2015. Kibali, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulianza kuzalisha mwaka 2013 kwa mashimo ya wazi huku ukichimba njia ya wima yenye kina cha zaidi ya mita 700 kwa ajili ya uchimbaji wa chini. Kuna hata mfano wa kinyume: shimo kubwa la Kalgoorlie nchini Australia lilimeza mahandaki ya migodi ya zamani iliyokuwa chini yake, kwa sababu mitambo mikubwa ilifanya iwe nafuu kuondoa mwamba wote kuliko kuendelea kufuata mishipa ya dhahabu. Bei ya dhahabu ikipanda, mpaka kati ya njia hizi mbili husogea. Kwa hiyo usishangae uongozi ukibadilisha tarehe. Mara nyingi huwa ni hesabu zimerudiwa, si hila.

Sasa nikueleze kinachofanyika nyuma ya ule mlango unaouona kwenye ukuta. Handaki la mteremko hushuka kwa kiasi cha mita moja kwa kila mita saba za mwendo, kwa sababu lori lililojaa haliwezi kupanda mwinuko mkali zaidi kwa muda mrefu bila kuua injini na breki. Hii ina maana kwamba kushuka mita 300 kunadai zaidi ya kilomita mbili za handaki, kabla ya kuhesabu njia za pembeni. Na kilomita hizo hupatikana kidogo kidogo. Mtambo wa kuchoronga hutoboa matundu yenye urefu wa mita tatu au nne kwenye uso wa mwamba, matundu hujazwa baruti, watu wote wanaondoka, mlipuko unapigwa. Kisha hufuata kusubiri, ambako wageni hukuona kama uvivu: feni lazima zisukume nje hewa yenye kaboni monoksidi na gesi za naitrojeni, na mpimaji athibitishe kwa kifaa kwamba imesafishika. Baada ya hapo kifusi humwagiwa maji ili vumbi litulie, kijiko, yaani mtambo wa kuzolea mawe, huingia kukisomba, mawe yaliyolegea juu na pembeni huangushwa kwa mtambo, halafu dari na kuta hupigwa boliti ndefu za chuma, hufungwa wavu na, pale mwamba ulipo dhaifu, hunyunyiziwa zege. Ndipo mzunguko unapoanza upya.

Utakapokuwa huko, sheria ambayo haina msamaha ni hii: hakuna anayepita chini ya dari ambayo haijapigwa boliti, hata kwa hatua mbili, hata kwa kuokota chombo kilichoanguka. Miamba iliyotoka kulipuliwa bado inatafuta mahali pa kukaa, na jiwe la ukubwa wa ndoo linaweza kuachia bila sauti yoyote. Msimamizi akikuhimiza upite "mara moja tu", huyo si msimamizi wa kumfuata.

Handaki likifika kwenye mbale, hukatwa levo, yaani njia za kufanyia kazi zilizopangwa kama ghorofa, moja chini ya nyingine, kwa kawaida zikiachana kwa mita 20 hadi 25, na mbale iliyo kati ya levo mbili hulipuliwa ikaanguka hadi levo ya chini, ambako vijiko huisomba. Pale dari isipokuwa na ulinzi, kijiko huongozwa kwa rimoti huku mwendeshaji akiwa amesimama mbali, mahali salama. Kinachobaki ni chumba kitupu kikubwa, pengine chenye urefu wa jengo la ghorofa saba. Kinachofanywa na chumba hicho ndicho kinachoamua mambo mengi, pamoja na hatima ya nyumba yako, na nitakirudia hivi punde.

Turudi kwenye jambo nililosema ndilo zito. Kati ya sakafu ya shimo na chumba cha kwanza cha chini huachwa tabaka la mwamba ambalo halichimbwi, au huchimbwa mwishoni kabisa kwa utaratibu maalumu. Nitaliita tabaka la kinga. Unene wake hutegemea ugumu wa mwamba, nyufa zilizomo, upana wa chumba kilicho chini yake na maji, na kuupanga ni kazi ya mhandisi wa miamba. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kila mahali. Tabaka hilo lina mbale, na mara nyingi ni mbale nzuri, kwa hiyo daima kuna kishawishi cha kulipunguza. Swali la kwanza la kumuuliza mhandisi wenu katika kikao cha usalama ni hili: tabaka la kinga lina unene gani, nani alilikokotoa, na lina vifaa gani vinavyopima kama linasogea?

Swali la pili ni la maji. Shimo la wazi ni bakuli. Mvua ikinyesha, kila tone lililoanguka ndani ya ukingo wake huelekea sakafuni. Likiwa mgodi wa wazi peke yake, mafuriko ya sakafuni ni hasara na usumbufu. Likiwa na watu chini yake, maji yale yale yakichanganyika na udongo laini na mawe yaliyosagika yanaweza kupenya na kushuka yakiwa tope zito lisilokimbilika. Mgodi wa Grasberg nchini Indonesia, wa shaba na dhahabu, ulifunga shimo lake la wazi mwaka 2019 na kuhamia chini yake. Mnamo Septemba 2025 tope la namna hiyo lilifumuka katika sehemu ya chini na kuua wafanyakazi 7. Uchimbaji wao ni wa kuporomosha mwamba kwa makusudi, ambao hauachi tabaka la kinga, kwa hiyo si lazima hali yenu ifanane na yao. Hata hivyo somo la maji linawahusu wote walio na shimo juu ya vichwa vyao: pampu za sakafuni, mitaro ya ukingoni na utaratibu wa kuwatoa watu mvua inapozidi haviwezi kuachwa vilegee kwa sababu tu shimo halizalishi tena.

Swali la tatu ni la kuta. Vyumba vinapofunguliwa karibu na ukuta wa shimo, mizigo ndani ya mwamba hujipanga upya, na ukuta uliosimama imara kwa miaka unaweza kuanza kusogea. Katika mgodi wa shaba wa Palabora, Afrika Kusini, uchimbaji wa kuporomosha ulioanza chini ya shimo la zamani ulifuatiwa, miaka michache baadaye, na kuporomoka kwa sehemu kubwa ya ukuta wa kaskazini-magharibi. Kwa upande mwingine, ukuta wa Bingham Canyon nchini Marekani ulipoporomoka mwaka 2013, mojawapo ya maporomoko makubwa kuwahi kutokea mgodini, hakuna aliyeumia, kwa kuwa vipimo vilionyesha mapema jinsi ukuta ulivyokuwa ukisogea na watu wakaondolewa. Ukuta mkubwa kwa kawaida hauanguki bila kutoa dalili, mradi kuna anayezipima na mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi anamsikiliza.

Mlango uliochongwa ndani ya shimo unaokoa mamia ya mita za handaki, maana unaanzia chini tayari, na ni uamuzi wa kawaida wala si ubahili. Lakini mlango huo uko chini ya ukuta wa mawe na juu ya sakafu inayoweza kufurika. Kwa hiyo uliza: njia ya pili ya kutokea iko wapi? Mkataba Na. 176 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu usalama na afya migodini, wa mwaka 1995, unadai kwamba kila inapowezekana mahali pa kazi chini ya ardhi pawe na njia mbili za kutokea, kila moja ikiwa na njia yake tofauti ya kufika juu. Ikiwa njia zote mbili zinaishia ndani ya shimo hilo hilo, basi mnazo mbili kwenye karatasi na moja siku ya maafa. Uliza vilevile jinsi milipuko ya shimoni na ya handakini inavyoratibiwa, na nani anayehesabu watu kabla ya kila mlipuko. Katika miaka hiyo miwili mtakuwa na wasimamizi wawili, ratiba mbili na pengine makandarasi wawili ndani ya mwamba mmoja, na ajali nyingi za kipindi cha mpito huzaliwa kwa mtu kudhani kwamba mwenzake ameshapewa taarifa.

Hofu ya mke wako naielewa, na nisingependa umjibu kwa kumcheka. Vifo vingi ambavyo watu husikia ni vya machimbo madogo yaliyochimbwa bila uhandisi, yenye njia moja, bila feni na bila ramani. Mgodi mkubwa unaosimamiwa vizuri ni kitu kingine: kila anayeshuka anahesabiwa, anabeba mkanda wenye kifaa cha kumpatia hewa salama ya kupumua wakati wa moshi, na kuna vyumba vya kujihifadhi vyenye hewa yake, maji na chakula, ambavyo katika miundo mingi hutosha kwa saa 36. Moto wa lori ndani ya handaki ndio unaoniogofya mimi kuliko kuporomoka kwa dari, kwa sababu moshi husafiri kwa kasi ya hewa yenyewe. Waombeni wawaonyeshe jinsi mazoezi ya moto yanavyofanywa, na kama mafunzo yako hayana zoezi la kuvaa kile kifaa gizani, huna mafunzo kamili.

Hatari ambayo mke wako hakuitaja ni ile inayoua polepole. Vumbi la mwamba wenye silika huharibu mapafu kwa makovu yasiyopona, ugonjwa uitwao silikosisi, na aliyeathirika huwa rahisi zaidi kupatwa na kifua kikuu. Moshi wa dizeli nao uliwekwa na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la visababishi vya saratani mwaka 2012. Juu, upepo hukusaidia bila malipo. Chini, kila pumzi imeletwa na feni. Wahandisi hukadiria hewa kwa nguvu za injini, na lori moja la chini lenye kilowati 450 linaweza kudai mita za ujazo 20 na zaidi za hewa kila sekunde. Malori yakiongezwa bila feni kuongezwa, mnaoumia ni ninyi. Joto nalo huongezeka, katika sehemu nyingi kwa nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita ya kina. Mponeng huko Afrika Kusini, unaokaribia kilomita nne, una mwamba wenye nyuzi zaidi ya 60 na hupozwa kwa barafu. Ninyi mnaoanza hamtafika huko, lakini injini za dizeli na unyevu vinatosha kumchosha mtu hata katika mita 400.

Kuhusu nyumba. Rudi kwenye kile chumba kitupu. Migodi mingi ya dhahabu hukijaza baada ya kukichimba, ama kwa mawe taka yaliyochanganywa na saruji au kwa uji mzito wa tope la mabaki ya uchenjuaji uliotiwa saruji kidogo, ambao huganda na kushikilia kuta. Njia hii hupunguza hata tope linalopelekwa kwenye bwawa la mabaki. Vyumba vikijazwa hivyo, na vikiwa chini ya shimo au ndani ya uzio, ardhi ya nje ya uzio kwa kawaida haididimii. Wakitumia uchimbaji wa kuporomosha, ardhi ya juu itadidimia, kwani ndivyo ulivyopangwa, na mpaka wa eneo litakaloathirika lazima uwe umechorwa kwenye ramani. Kwa hiyo swali lako kwao liwe la maneno machache: mtajaza au mtaporomosha, na mstari wa ramani unapita wapi kutoka nyumbani kwangu?

Mitikisiko ya milipuko ya chini kwa kawaida ni midogo kuliko ya shimoni, lakini hupigwa hata usiku na husikika tofauti, kana kwamba inatoka chini ya kitanda. Piga picha za kuta zote za nyumba sasa, nyufa zilizopo zikionekana pamoja na kipimo kando yake, na uombe kifaa cha kupima mtikisiko kiwekwe upande wenu. Kisima ni suala lenye uzito zaidi kuliko nyufa, maana mgodi unaopampu maji kutoka kina kikubwa hushusha kiwango cha maji ya ardhini kuuzunguka. Pima kina cha maji ya kisima chenu kila mwezi na uandike kwenye daftari.

Je, ukubali? Ningekubali kujifunza, kwa macho yaliyo wazi. Malori ya chini hubeba tani 40 hadi 65, madogo sana kuliko unayoyazoea, na huendeshwa katika njia ambayo kioo cha pembeni kinapishana na ukuta kwa kiasi cha mkono. Uzoefu wako wa kusoma mteremko na kutunza breki utakufaa, mazoea yako ya kuona mbali hayatakufaa. Si madereva wote wa juu watakaopata nafasi chini, kwa sababu tani zitakazobebwa ni chache mno, na hili uongozi hausemi mara nyingi kwa sauti. Anayekataa mafunzo leo kwa kutegemea kwamba shimo litaongezewa muda anacheza kamari na bei ya dhahabu. Hata hivyo soma mkataba: je, utabaki mwajiriwa wa mgodi au utahamishiwa kwa mkandarasi, haki zako za miaka iliyopita zitahamaje, na ukishindwa kipimo cha afya utarudishwa juu au utaachishwa? Mambo hayo yapeleke kwa chama cha wafanyakazi au mwanasheria wa kazi kabla ya kutia sahihi, kwani mimi nasoma miamba, sisomi mikataba. Ukiona mlango mmoja tu wa kutokea, au vipimo vya hewa vinafichwa, mwone mkaguzi wa migodi. Katika nchi zilizouridhia, mkataba niliotaja unampa mfanyakazi haki ya kudai ukaguzi na ya kujiondoa mahali anapoamini kwa sababu za msingi kwamba pana hatari kubwa.

Na kabla ya zamu yako ya kwanza chini, nenda kwa daktari wa afya ya kazini ukapigwe picha ya kifua, upimwe nguvu ya mapafu na upimwe masikio. Ukiwa umewahi kuugua kifua kikuu au pumu, au ukijihisi kubanwa na kukosa pumzi katika mahali padogo, mwambie daktari huyo waziwazi. Hilo peke yake linaweza kuwa sababu tosha ya kubaki juu. Kipimo hicho cha mwanzo ndicho kitakachoonyesha, miaka ya baadaye, ni nini ulishuka nacho na ni nini ulikipata chini, kwa hiyo usiridhike na faili lililobaki zahanati ya mgodi. Dai nakala yako na uiweke nyumbani.